UZI: "Montessori katika kila wodi." Je, inawezekana katika shule ya umma mjini?

1/ Kila kampeni ikikaribia, kuna mgombea husimama jukwaani na kuahidi Montessori ya bure kwa watoto wa mtaa. Watu wanapiga makofi. Mpinzani wake anajibu, "Hayo ni mambo ya matajiri." Wote wawili wameacha jambo muhimu nje. Twende pole pole.

2/ Tuanze na hilo la matajiri. Maria Montessori alikuwa daktari Mwitaliano. Tarehe 6 Januari 1907 alifungua darasa lake la kwanza San Lorenzo, mtaa wa maskini mjini Roma. Watoto walikuwa kati ya 50 na 60. Wazazi walienda vibarua, watoto wakabaki wakichafua kuta za ploti. Kwa hivyo mfumo huu haukuzaliwa kwa mabwenyenye. Kwetu ndiko ulikohamia kwa mabwenyenye.

3/ Unafanyaje kazi? Watoto wa miaka 3 hadi 6 hukaa darasa moja, mkubwa akimsaidia mdogo. Mtoto huchagua kazi kutoka kwa rafu: kumimina maji, kufuata kwa kidole herufi za msasa, kuhesabu kwa shanga. Mwalimu haongei mbele ya ubao siku nzima. Anamwonyesha mmoja, anatazama, anaandika.

4/ Na je, shule ya umma inaweza? Marekani zipo mamia. Cincinnati ilianza mwaka wa 1975. Ushahidi mzuri unatoka Hartford, Connecticut, kwa sababu huko nafasi zilikuwa chache na watoto wakaingia kwa bahati nasibu. Watafiti wakalinganisha waliopata nafasi na waliokosa, watoto 141 kwa jumla.

5/ Matokeo yalitolewa mwaka wa 2017. Waliopata nafasi walifanya vizuri zaidi masomoni, na pengo kati ya watoto wa maskini na wa wenye uwezo likapungua. Lakini msikimbie nayo: zilikuwa shule mbili tu, na zilifuata mfumo kikamilifu, walimu wakiwa wamefunzwa kazi hiyo. Siyo jina tu getini.

6/ Hapo kwa jina, sikizeni. Montessori haina mwenyewe kisheria. Marekani hilo liliamuliwa mwaka wa 1967. Ndiyo maana unaweza kuona bango la Montessori, ukiingia ndani unapata watoto wamepangwa mistari wakiimba "a, e, i, o, u" kutoka ubaoni. Kama mzazi anaweza kuuziwa jina, mpiga kura pia anaweza.

7/ Sasa Kenya. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inaweka elimu ya chekechea chini ya kaunti. Shule ya msingi iko chini ya serikali ya kitaifa. Kwa hivyo mgombea ubunge akikuahidi chekechea ya Montessori, anaahidi kazi ya gavana. Ya MCA ni kupitisha bajeti na kuifuatilia.

8/ Tatizo ni kwamba chekechea nyingi za umma ziko ndani ya ua wa shule ya msingi. Serikali mbili, geti moja. Choo ni cha nani? Maji analipa nani? Haya ndiyo hukwamisha mradi, si falsafa.

9/ Kuna pia mtaala. Vipindi vyetu vya PP1 na PP2 ni vya dakika 30. Montessori inataka mtoto afanye kazi muda wa kama saa tatu bila kukatizwa. Na sisi hutenganisha PP1 na PP2, yao huchanganya umri. Bila ruhusa ya kulegeza ratiba, mwalimu atafanya nusu ya huku na nusu ya huko.

10/ Vifaa? Hiyo ndiyo sehemu rahisi. Fundi wa mbao mtaani anaweza kuchonga vipande 10 vya mnara. Msasa uko kwa duka la hadiwea. Gharama kubwa ni mwalimu. Walimu wengi wa chekechea wa kaunti wamelalamikia mikataba mifupi na mshahara duni. Ukimfunza mwalimu halafu mkataba uishe, ataenda akademia, na utakuwa umeifunzia akademia kwa pesa za umma.

11/ Basi akija na ahadi hiyo, muulize:
– Walimu wangapi watafunzwa, na wataajiriwa kwa masharti gani?
– Watoto wangapi kwa mwalimu mmoja?
– Ratiba itabadilishwa na nani?
– Iko mstari gani wa bajeti ya kaunti?
– Nafasi zikiwa chache, wataingia kwa bahati nasibu au kwa kujuana?

12/ Hilo la mwisho ndilo zito. Shule nzuri ya umma ikiwa moja mtaani, wenye magari watafika kwanza. Mama anayefua nguo za watu atasikia habari baada ya nafasi kujaa. San Lorenzo ilifunguliwa kwa ajili ya mtoto wake. Akikosa nafasi, tutakuwa tumejenga akademia nyingine, ila hii ya kodi yetu.

Ukiona inafaa, peleka kwa grupu ya wazazi.