Kwa Nini Ubongo Unadai Dozi Kubwa
Kwetu Buhemba, mgonjwa wa homa ya uti wa mgongo akizidiwa anaweza kupelekwa Musoma, hata Bugando, Mwanza. Ndugu wakiona dozi wanashtuka: mbona kubwa hivi?

Ubongo una ukuta wake. Dawa nyingi iliyo kwenye damu haivuki. Ndiyo maana mtu mzima hupewa seftriaksoni gramu 2 kila saa 12, ilhali kwa baadhi ya maambukizi mengine gramu 1 kwa siku inatosha. Uvimbe hulegeza ukuta, dawa ikapenya. Mgonjwa akipata nafuu, ukuta hukaza tena. Kwa hiyo dozi haipunguzwi eti kwa sababu ameanza kuongea.

Kwa mahututi, figo nazo huangaliwa: zikichuja upesi mno, dawa hupungua mwilini.

Jamani, tusimshinikize daktari akatishe sindano. Tumuulize zimebaki siku ngapi.