Mshipa wa moyo ukiziba: dawa, stenti au kupasuliwa?

Mtu akibanwa na kifua usiku wa manane kule Uyole au Mafinga, wa nyumbani husema ni vidonda vya tumbo, au ni baridi tu. Huchemshiwa tangawizi, akafunikwa blanketi. Maumivu yanayobana kifua, yakipanda begani au taya huku mtu akitokwa jasho jembamba, usiyangojee asubuhi.

Katika shambulio la moyo, bonge la damu huziba mshipa unaoulisha msuli wa moyo, mara nyingi pale ambapo mafuta yamejijenga kwa miaka. Msuli uliokosa damu huanza kufa. Mpeleke hospitali, si duka la dawa. Huko atapimwa umeme wa moyo, atapewa aspirini ya kutafuna, na ikiwa saa 12 hazijapita na kipimo kinaruhusu, anaweza kuchomwa dawa ya kuyeyusha bonge.

Kwetu Nyanda za Juu Kusini dawa hiyo ina uzito wa pekee. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanza kazi mwaka 2015, iko Muhimbili, Dar es Salaam. Kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na kutoka Iringa karibu 500, na mlima Kitonga uko njiani. Basi haliwezi kushindana na bonge la damu. Kwa hiyo mgonjwa atulizwe kwanza hospitali ya karibu, kisha rufaa ifuate.

Huko hupigwa picha ya mishipa, ndipo uamuzi hutolewa. Wapo wanaotosheka na dawa. Wengine hupitishiwa mpira mwembamba kutoka kwenye kifundo cha mkono au kinena. Puto hutanua palipoziba, kisha huachwa stenti, yaani kijibomba cha wavu wa chuma. Mgonjwa hupigwa ganzi tu, naye huwa macho. Mishipa mingi ikiwa imeziba, hasa kwa mwenye kisukari, upasuaji wa kifua huweza kuwa bora: huchukuliwa mshipa wa mguuni au kifuani, damu ikatengenezewa njia ya kupita pembeni. Muulize daktari kwa nini amechagua hiki na si kile. Si utovu wa adabu.

Watu wetu hukosea zaidi wakisharudi nyumbani. Aliyewekewa stenti baada ya shambulio hupewa dawa mbili za kuzuia damu isigande, aspirini na mwenzake, mara nyingi kwa mwaka mzima. Akijiona mzima akaziacha, stenti inaweza kuziba ghafla. Kwa sababu ya dawa hizohizo, asipigwe chuku bila daktari kujua, maana damu yake haikatiki upesi.

Na Ramadhani ikikaribia, umuone daktari wiki kadhaa kabla. Kuna dawa zinazoweza kuhamishiwa futari na daku. Lakini aliyepata shambulio hivi karibuni ataambiwa asifunge, na ruhusa hiyo mgonjwa anayo. Siku zake atazilipa akipona.