Maji Yanayoingia Mashineni Kimya Kimya

Kama unayo boti yenye mashine ya kupachika nyuma, au kama mumeo au mwanao huenda baharini kwa boti ya namna hiyo, nakusihi usome habari hii.

Siku moja wakati wa kusi, shemeji yangu wa hapa Mapinga alirudi pwani jua limekwisha kuzama, akivutwa kwa kamba na ngalawa ya tanga. Mashine yake ilinguruma vizuri, lakini rafadha, yaani propela, haikuzunguka hata kidogo. Walikuwa watu wanne ndani ya boti ile, na mkondo ulikuwa umekwisha kuwachukua mbali kuelekea kaskazini.

Kesho yake tulifungua skrubu ya chini, penye nyumba ya gia. Kwanza yalitoka maji, kisha ikafuata oili nyeupe kama maziwa. Nikamtania, “Shemeji, umekamulia ng’ombe humu?” Hakucheka. Gia zilikuwa zimeliwa na kutu, na meno yamevunjika. Kumbe miezi miwili nyuma aliiona oili ile nyeupe, akamwuliza fundi mmoja, naye akamwambia aongeze oili tu kila juma. Shauri hilo ni baya. Oili ikiwa nyeupe, maji yamo ndani, na kuongeza oili hakuyatoi.

Basi maji yalipita wapi? Mahali shafti inapotoka katika nyumba ya gia, nyuma ya rafadha, pana pete ya mpira iitwayo sili. Mara nyingi ziko mbili: moja hutazama ndani kuzuia oili, na ya pili hutazama nje kuzuia maji. Mshipi wa nailoni uliotupwa baharini hushikwa na rafadha, hujiviringa katika shafti, huingia mahali jicho lisipofika, na huko huikata sili kama kisu. Sisi tuliukuta mshipi umebanwa hata umekuwa pete ngumu.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalifikiri. Mashine ikifanya kazi, nyumba ya gia hupata joto, na hewa iliyomo hutanuka. Ukiizima, nayo ingali ndani ya maji, hewa ile hupoa na kusinyaa, ikavuta maji kupitia tundu lo lote. Kwa hiyo sili iliyokatwa kidogo tu hunywa maji boti ikiwa imetulia, kila siku kidogo kidogo.

Kuitengeneza si kazi ya kutisha. Toa oili yote. Funga skrubu ya chini, kisha katika tundu la juu unganisha mpira wa pampu ya baiskeli, upige taratibu, huku umepaka povu la sabuni kuzunguka shafti na kila kiungo. Panapotoa mapovu ndipo panapovuja. Usipige kwa nguvu, maana hewa nyingi huweza kuing’oa sili nzima. Ukipata sili mpya, kwanza papasa shafti kwa ukucha: kama imechimbika mfereji, hata sili mpya itavuja, nawe huna budi kumpelekea fundi. Paka grisi midomo ya sili kabla ya kuitia. Vishoka vidogo vya skrubu mbili za oili navyo vibadilishwe. Oili mpya uitie kwa tundu la chini hata itokee juu. Kisha funga skrubu ya juu kwanza, ndipo ya chini. Ukiitia kwa juu, hewa itabaki ndani.

Siku hizi zipo pia mashine ndogo za umeme, zinazotumia betri, kwa kuvua polepole bila kelele. Mwaka 1934, huko Fargo katika Marekani, mtu aitwaye O. G. Schmidt alitwaa stata ya gari la Ford akaitia rafadha, na ndivyo zilivyoanza. Ugonjwa wake ni ule ule wa mshipi na sili, lakini madhara ni makubwa zaidi, kwa kuwa mota yenyewe imo ndani ya maji. Maji ya chumvi hula nyaya za shaba, kaboni na beringi. Ukiona nguvu zimepungua, ondoa waya za betri, tia alama mahali vipande vinapokutana, ufungue bolti mbili ndefu za nyuma. Osha chumvi kwa maji baridi, kausha kivulini, ondoa kutu kwa msasa laini, kisha badilisha sili na ringi zote za mpira. Wala usifungue mota hiyo pwani! Ndani yake mna sumaku, na ule mchanga mweusi wa ufukweni utairukia.

Aliye karibu na Bagamoyo na mwenye shaka aweza kuuliza Mbegani, penye chuo cha uvuvi.

Shemeji alipata gia kuukuu, akarudi baharini. Sasa kila Jumamosi jioni huvua rafadha, na mwanawe mdogo ndiye aliyepewa kazi ya kutazama rangi ya oili. Juma lililopita walitoa kipande cha mshipi chenye urefu wa pima moja.