Skrubu Ndogo ya Kabureta na Hewa ya Kisiwani

Tangu serikali ya Kenya ilipoondoa VAT kwa pikipiki zisizofikia cc 250 mwaka 2008, bodaboda zimekuwa miguu ya Mombasa. Lakini kisiwani pikipiki haikimbii sana. Husubiri kivuko cha Likoni mashine ikinguruma, hukwama Barabara ya Digo, hujipenyeza Ndia Kuu kwa mwendo wa polepole. Katika mwendo huo, sehemu ya kabureta inayotumika zaidi ni ile njia nyembamba ya petroli ambayo hutawaliwa na skrubu moja ndogo. Kwa hiyo nashikilia kwamba kila mwenye pikipiki huku anapaswa kujua kuirekebisha mwenyewe.

Petroli ikitaka kuungua yote, kila gramu moja huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa. Petroli ikizidi, plagi hujaa masizi na moshi hubeba kaboni monoksidi nyingi. Hewa ikizidi, plagi hupauka na mashine huchemka. Plagi ya hudhurungi hafifu ni dalili njema. Mahali nako kuna athari: pikipiki iliyorekebishwa Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya bahari ambako hewa ni nyepesi, ikiteremka Mombasa hukuta hewa nzito, na petroli iliyotosha kule huku hupungua.

Anza kwa kusafisha kichungi cha hewa, kukagua plagi na kuhakikisha mpira wa kabureta haujapasuka, kwa sababu kasoro hizo haziponi kwa skrubu. Pasha mashine moto, kisha izime. Funga skrubu taratibu mpaka ikome, bila kuikaza maana ncha yake huharibika, halafu ifungue mzunguko mmoja na nusu hivi. Washa mashine, uizungushe skrubu kidogo kidogo huku ukisikiliza: mngurumo hupanda, hufika kilele, kisha huanza kuyumba. Irudishe pale kileleni, halafu ushushe mngurumo kwa skrubu ya mwendo, ile inayopanga kasi ya mashine pikipiki ikiwa imesimama. Katika kabureta nyingine skrubu yetu hupima hewa, katika nyingine petroli, lakini kilele hutafutwa vilevile. Fanyia kazi hii mahali peupe, si uani wala kichochoroni: kaboni monoksidi haina harufu, na huua.

Wako wanaosema ni bora kupunguza petroli ili kuokoa pesa. Hesabu hiyo haisimami. Skrubu hii hutawala petroli pale mkono wa mafuta unapofunguliwa kidogo tu. Ukiongeza mwendo, sindano na jeti kubwa ndizo zinazotoa petroli. Ukiipunguza kupita kiasi, pikipiki hukata wakati wa kuondoka, na dereva hulazimika kuvuta mafuta zaidi. Wengine husema kazi ya fundi aachiwe fundi. Kweli, boya, jeti na vali ni zake. Lakini fundi huisikia mashine dakika chache, dereva huisikia kutwa. Pikipiki za umeme nazo zinakuja, ila zenye kabureta ndizo zinazopita Mji wa Kale leo, katikati ya kuta zilizokaribiana, moshi ukiingia madirishani. Kwa jirani wa dirisha hilo, robo mzunguko wa bisibisi ni haki yake ya kupumua, na ni wajibu ulio ndani ya uwezo wa kila dereva.