Kutoka Mamboleo Hadi Ziwani: Mgeni wa Kisumu, Anza Hapa

Uko na safari ya Kisumu? Labda ni mkutano, labda ni mechi pale Mamboleo, labda ni matanga ya jamaa, ama umeamua tu kwamba wikendi hii utakula samaki mahali anapovuliwa. Vyovyote vile, karibu dala. "Dala" ni nyumbani kwa Kijaluo, na wenyeji huuita mji wao hivyo bila aibu yoyote.

Hivi karibuni timu yetu ya elimu kwa wateja ilikaa Kisumu siku nne. Tulilala Mamboleo, na kila asubuhi tulishuka na barabara ile ile kuelekea ziwani. Kwenye makala haya tunakupitisha njia hiyo: historia, mitaa, chakula na jinsi ya kulipa bila kupoteza pesa. Tutakuambia pia kosa tulilofanya sisi wenyewe, sisi ambao kazi yetu ni kufundisha watu kutuma pesa. Mama mmoja muuza omena ndiye aliyetufundisha, na somo lake ndilo tungependa ubebe.

Mji ulioanza kama soko

Wazee wa Kisumu husimulia kwamba jina la mji linatokana na neno la Kijaluo linalohusu kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana. Kabla ya reli, watu wa ziwani walileta samaki, wakulima wa milimani wakaleta nafaka, kila mtu akarudi kwake na alichokosa. Hakukuwa na noti wala sarafu. Uliona mtama, nikaona samaki, tukakubaliana macho kwa macho.

Kisha reli ikaja. Ilianzia Mombasa mwaka 1896, ikajengwa na zaidi ya vibarua 30,000 kutoka Bara Hindi, na tarehe 20 Desemba 1901 ikafika ufuoni, karibu kilomita 940 kutoka pwani. Kituo kikaitwa Port Florence, jina la Florence Preston, mke wa mhandisi mmoja wa reli. Wakati huo eneo hili lilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, hadi Aprili 1902 mpaka uliposogezwa na Kisumu ikawa upande ambao leo tunauita Kenya.

Pamoja na reli ikaja rupia, pesa ya India. Serikali ya kikoloni ilipoanza kutoza kodi ya nyumba, mwenye samaki na mtama hakuwa na namna. Ilibidi auze mazao au aende kufanya kazi ya mshahara ili apate hizo rupia. Shilingi ya Afrika Mashariki ilifuata mwaka 1921. Kwa hivyo ukisikia mzee wa Kisumu akihoji sana kuhusu njia mpya ya kulipa, mwelewe. Huku pesa mpya imeshawahi kuja ikiwa imebeba deni mgongoni.

Mamboleo na Kondele

Mamboleo iko kwenye barabara ya Kakamega, upande wa kaskazini wa mji, chini ya vilima vya Riat. Hapo ndipo barabara ya kwenda Miwani, Chemelil na Muhoroni, nchi ya miwa, inapochepuka. Ukisimama kwenye makutano asubuhi utaona dunia yote: matrekta ya miwa, matatu, wanafunzi, na bodaboda wanaokuita "omera", yaani rafiki, kabla hujawajibu.

Mamboleo pia ndiko kulikojengwa uwanja wa Jomo Kenyatta, ambako sherehe za Madaraka za mwaka 2021 zilifanyiwa. Mwaka uliofuata, mwezi wa Mei, mkutano wa Africities ulileta viongozi wa miji ya bara zima hapa Kisumu, mji wa watu karibu 400,000 kwa sensa ya 2019. Si mji mkuu wa nchi, ni makao makuu ya kaunti, na zamani ya mkoa wote wa Nyanza. Lakini Magharibi mwa Kenya, ukisema "naenda tauni kubwa", wengi wanajua unaenda wapi.

Ukishuka unafika Kondele. Kondele hailali. Jioni kuna mahindi ya kuchoma, mitumba, nyama, na muziki kutoka kila kona: benga yenye gita linalokimbia, ohangla yenye ngoma zinazokuvuta miguu. Ukibahatika kusikia nyatiti yenye nyuzi nane, simama kidogo. Gita la benga lilijifunza mengi kutoka kwake.

Karibu na hapo kuna hospitali kubwa ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Ukimwambia mtu wa tuktuk jina hilo refu atakuelewa, lakini yeye atakujibu, "Ah, Russia!" Ilijengwa kwa msaada wa Umoja wa Kisovieti, ikafunguliwa mwaka 1969, na jina la mtaani halijawahi kutoka.

Ushauri wa hapa: patana nauli kabla ya kupanda, na uulize mapema kama dereva anapokea kwa simu. Wengi wanapokea. Lakini beba noti ndogo ndogo pia, kwa sababu betri ya simu haiulizi uko mbali na hoteli kiasi gani.

Kibuye, na kosa letu

Endelea kushuka utafika Kibuye, soko la wazi ambalo Jumapili hufurika hadi barabarani. Nguo, vitanda, kuku, nyanya, vyungu, na omena iliyorundikwa kama vilima vya fedha.

Jumapili hiyo mwenzetu mmoja alitaka omena ya kupelekea nyumbani Nairobi. Alipatana na mama mmoja, gorogoro mbili na vitu vingine vidogo, jumla shilingi 900. Mama akamtajia nambari ya simu. Nyuma yetu kulikuwa na mhubiri na kipaza sauti, mbele mtu wa mitumba akipiga kengele. Mwenzetu akaandika, jina likatokea kwenye skrini, akabonyeza kukubali, akaweka nambari ya siri. Ikaenda.

"Mama, imefika," akasema.

Mama akaangalia simu yake. "Nyathina, simu yangu haijalia."

Nyathina ni "mwanangu". Alimwita hivyo kwa upole, lakini mkono wake ulibaki juu ya mfuko wa omena. Mwenzetu akamwonyesha ujumbe: pesa imetoka, ndiyo hii. Mama akasema tena, simu yangu haijalia. Watu wakaanza kusogea kusikiliza. Tutakuwa wakweli: kwa dakika moja hivi tulimtilia shaka. Tulidhani pengine anataka kulipwa mara mbili.

Kisha mmoja wetu akasoma ujumbe vizuri. Jina lilikuwa la mwanamume. Tarakimu moja ilikuwa imekosewa.

Tulipiga simu kwa huduma kwa wateja ya kampuni yetu kama mteja mwingine yeyote, tukaomba muamala uzuiwe. Tulikuwa tumechelewa, sehemu ya pesa ilikuwa imeshatumika. Baada ya siku tatu tulirudishiwa shilingi 340. Mama tulimlipa upya pale pale, safari hii tukisoma jina kwa sauti, naye akiitikia, "Ndiyo, huyo ni mimi."

Baadaye, soko lilipopoa kidogo, alitueleza kwa nini hakuachilia mfuko. Wiki kadhaa kabla, mteja alimwonyesha ujumbe unaofanana kabisa na wa kweli, akaondoka na omena ya nusu gunia. Ujumbe ulikuwa wa kubuni. Pesa haikuwahi kuingia. Yeye hununua mzigo wa kesho kwa pesa ya leo, kwa hivyo alikaa siku mbili bila kuuza, akakopa kwa chama ndipo akaanza tena. Tangu siku hiyo ana sheria moja: anayelipa ataonyesha chochote anachotaka, lakini mali inatoka simu yake yeye ikilia na salio likiongezeka.

Tumeandika makala mengi kuhusu usalama. Hakuna hata moja lililosema jambo hili kwa ufupi kama yeye.

Mjini: mtaa wa Oginga Odinga

Kutoka Kibuye unaingia katikati ya mji. Mtaa mkuu unaitwa Oginga Odinga, kwa heshima ya makamu wa kwanza wa rais wa Kenya. Watu humkumbuka kwa siasa, lakini kuna jambo ambalo sisi wa mambo ya pesa tulilipenda zaidi. Mwaka 1947 yeye na wenzake walianzisha Luo Thrift and Trading Corporation, kampuni ambayo watu wa kawaida walinunua hisa kidogo kidogo ili Waafrika nao wawe na biashara zao. Wakati huo maduka mengi ya mji yalikuwa ya Wahindi, na kumshawishi mkulima atoe akiba yake kwa kitu asichokiona haikuwa kazi rahisi. Kila chama cha akina mama pale Kibuye, kwa namna fulani, kinaendelea na mazungumzo hayo.

Kwenye mtaa huo angalia mnara wa saa. Ulizinduliwa mwaka 1938 kwa kumbukumbu ya Kassim Lakha, mfanyabiashara Mwismaili, na wanawe ndio walioujenga. Tembea kidogo utaona pia misikiti, mahekalu ya Kihindu na gurdwara ya Masingasinga. Wote hao walikuja na biashara au reli, wakakaa, wakawa watu wa Kisumu.

Chini kabisa ni bandari. Meli za kwanza zililetwa vipande vipande kutoka Uingereza zikaunganishwa hapa. Treni ya abiria kutoka Nairobi ilirudi Desemba 2021 baada ya miaka mingi ya kimya. Mji wenyewe ulitangazwa jiji mwaka 2001, ukitimiza miaka 100.

Makumbusho, Dunga na meza ya samaki

Makumbusho ya Kisumu yalifunguliwa mwaka 1980. Ndani ya uwanja kuna boma la Kijaluo lililojengwa kama lilivyokuwa: nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, ina nafasi yake ya heshima ikitazama lango. Ukishaiona utaelewa jina la Kit Mikayi, miamba mikubwa ya Seme kwenye barabara ya Bondo: ni jiwe la mke wa kwanza. Ukiwa na siku ya ziada, nenda.

Ukipita Milimani, mtaa wa nyumba za zamani zenye miti mikubwa, kuna hifadhi ya swala ya Impala. Malango ya Shirika la Wanyamapori hayapokei pesa taslimu, kwa hivyo lipa kwa simu ukiwa bado na chaji na mtandao. Mbele zaidi ni Dunga, kijiji cha wavuvi kando ya mafunjo. Fika mapema, mashua zinaporudi.

Na sasa chakula. Omba ngege mzima, wa kukaanga au wa mchuzi, na kuon, ugali. Ukipata osuga, mboga chungu iliyotulizwa na maziwa, usikatae. Mbuta ndiye sangara, samaki mkubwa aliyeletwa ziwani enzi za ukoloni. Minofu yake husafirishwa ng'ambo. Mifupa inayobaki, mgongo wazi, hukaangwa na akina mama wa mtaa wa Obunga na kulisha familia nyingi hapa. Nawa mikono, kula kwa vidole, na usiharakishe.

Kabla hujalipa popote Kisumu

Moja. Muuzaji akikutajia nambari, irudie kwa sauti. Bora zaidi, mpe simu aiandike mwenyewe, kisha uichukue tena kabla ya kuweka nambari ya siri.

Mbili. Jina likitokea, lisome. Muulize, "Mama, hili ni jina lako?" Ni sekunde tatu tu.

Tatu. Usiondoke wala usikasirike kabla simu yake haijalia. Ujumbe wako unaonyesha pesa imetoka. Hauonyeshi imefika kwa nani.

Nne. Ukikosea, piga huduma kwa wateja papo hapo. Kila dakika ina maana.

Tano. Mtu usiyemjua akikupigia kwamba amekutumia pesa kimakosa, usimtumie kutoka mfukoni mwako. Angalia salio, kisha mwambie apitie huduma kwa wateja.

Sita. Jifunze maneno matatu. Asubuhi sema "oyawore", jioni "oimore", na ukishahudumiwa, "erokamano". Bei haitashuka lazima, lakini uso wa muuzaji utafunguka.

Siku ya kurudi tulipita Kibuye kumuaga yule mama. Alikuwa na mteja, kijana aliyenyoosha simu yake kumwonyesha ujumbe. Mama hakuuangalia. Alikuwa ameishika simu yake mwenyewe, anangoja. Ikalia. Akatabasamu, akamkabidhi mfuko.

Erokamano, mama.