Heshima ya Mwanafunzi Mtu Mzima

Mwaka 1964 Uganda ilianzisha kampeni ya kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika, na mwaka 1992 ukafuata mpango wa kisomo chenye manufaa. Tangu wakati huo jambo moja halijabadilika: mtoto hupelekwa shuleni, bali mtu mzima huja mwenyewe. Akiaibishwa mara moja, huondoka kimya wala harudi.

Chukua mfano wa mke wa askari mjini Kampala ambaye barua zake husomwa na jirani. Siri za nyumba yake zimo kinywani mwa mwingine. Siku anapoingia darasani, mwalimu hana budi kuilinda heshima yake, naye atafaulu akizingatia haya yafuatayo.

Kwanza, amwite kwa jina la heshima analoitwa nyumbani au kazini: mama, mzee au afande.

Pili, aanze na neno linalojulikana. Neno "duka" lina silabi mbili, du na ka. Wakiisha kujifunza da, de, di, do, du na ka, ke, ki, ko, ku, wanafunzi wataunda wenyewe dada, kaka, kuku na kodi. Jioni ile ile watarudi nyumbani wakiwa wamesoma.

Tatu, hesabu zianzie sokoni. Mama anunuaye vyakula Nakasero hujumlisha kichwani bila kukosea. Kazi ya mwalimu ni kumwonyesha namna ya kuiandika hesabu anayoijua.

Nne, asicheke makosa. Mwanafunzi Mganda huenda akaandika "mbiri" badala ya "mbili". Huo si uzembe: katika maandishi ya Kiganda, "r" hufuata "e" na "i", na penginepo huandikwa "l". Mwalimu amweleze kwa upole kwamba katika Kiswahili "kula" na "kura" ni maneno mawili tofauti.

Tano, achunguze macho kabla ya kulaumu akili. Wengi waliopita miaka arobaini hawaoni vyema maandishi ya karibu. Herufi kubwa, taa nzuri au miwani huweza kumwinua aliyedhaniwa mzito.

Mwisho, akumbuke kwamba askari hutoka zamu amechoka. Somo liwe fupi, na aliyekosa jana apokewe leo kwa salamu, si kwa maswali. Mlango wa darasa hili haufunguliwi kwa kengele. Hufunguliwa kwa adabu ya mwalimu.