Mzigo wa Mkimbizi: Namna ya Kukihakiki Kitu Anachobeba Mhusika

Hebu fikiri kwamba umeambiwa uihame nchi yako kabla ya alfajiri, na huenda usirudi tena. Una mikono miwili, na mmoja umemshika mtoto. Utabeba nini? Waulize wanafunzi wako swali hili nao watakujibu haraka: pesa, simu, kitambulisho, picha ya mama. Kisha waulize la pili: na utaacha nini? Hapo darasa litanyamaza. Kimya hicho ndicho kiini cha makala haya.

Aghalabu, kazi za fasihi zinazohusu vita na uhamisho humpa mhusika kitu cha kubeba. Mtahiniwa anapokutana na kitu hicho hukimbilia kuandika, "Ni ishara ya matumaini," kisha akafunga hoja. Jibu hilo ni jepesi. Linaweza kubandikwa kwenye mkufu, Kurani, Biblia au kikapu bila kubadilika hata neno moja. Ukitaka kupata maana ya mzigo, chunguza uchaguzi uliofanywa: nani alichagua, aliacha nini, na alichokibeba kilipatwa na nini.

Tuanze na maisha halisi. Mnamo mwaka wa 2012, mpiga picha Brian Sokol, akishirikiana na shirika la UNHCR, aliwapiga picha wakimbizi waliotoka jimbo la Blue Nile nchini Sudan na kuingia Sudan Kusini. Kila mmoja aliombwa ashike kitu muhimu zaidi alichofaulu kuja nacho. Walishika shoka, kikapu, dumu la maji. Mama mmoja alishika sufuria. Haikuwa sufuria kubwa kuliko zote alizokuwa nazo nyumbani. Ilikuwa ndogo kiasi cha kubebeka, na kubwa kiasi cha kumpikia mtama yeye na binti zake watatu. Tazama jinsi ukubwa wa sufuria unavyoonyesha hesabu aliyoifanya mama huyo: urefu wa safari, njaa ya njiani na idadi ya vinywa. Ukiandika kwamba sufuria ni ishara ya matumaini, umeipoteza hesabu hiyo yote.

Sasa tuitumie njia hii katika riwaya. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka wa 2021, aliichapisha riwaya yake By the Sea mwaka wa 2001. Imeandikwa kwa Kiingereza, lakini ulimwengu wake ni wa Uswahilini. Mhusika Saleh Omar, mzee aliyewahi kuwa na duka la samani, anawasili katika uwanja wa ndege wa Gatwick, Uingereza, akiwa na begi dogo. Ndani yake mna kijikasha cha mkangazi chenye udi. Tujiulize maswali matatu.

Kwanza, nani alichagua na kwa nini? Saleh Omar mwenyewe alichagua. Mtu aliyekuwa na duka zima amebaki na kijikasha kimoja. Udi haupikwi wala haufuniki mwili wakati wa baridi. Kwa hivyo hakubeba kwa ajili ya tumbo kama yule mama wa sufuria, bali kwa ajili ya kumbukumbu.

Pili, ameacha nini? Ameacha nyumba, biashara na hata jina lake, maana anasafiri kwa jina la Rajab Shaaban. Udi huo aliupata kwa Hussein, mfanyabiashara aliyefika kwa pepo za kaskazi. Deni la Hussein huyohuyo ndilo lililosababisha nyumba ya Rajab Shaaban kuangukia mikononi mwa Saleh Omar. Hivyo basi, mzee huyu amebeba harufu ya biashara ile na jina la mtu aliyeumizwa nayo. Kijikasha kinahifadhi kumbukumbu, na wakati huohuo kinahifadhi lawama.

Tatu, kitu kinapatwa na nini? Afisa wa uhamiaji, Kevin Edelman, anakitwaa. Kinaya ni kwamba wazazi wa afisa huyo nao walikuwa wakimbizi kutoka Romania. Naye Saleh Omar, aliyeshauriwa ajifanye hajui Kiingereza, hawezi kukitetea kijikasha chake. Kunyang'anywa udi na kunyamaza kunakwenda pamoja.

Linganisha sasa majibu mawili. La kwanza: "Udi ni ishara ya utamaduni wa Saleh Omar." La pili: "Udi unaonyesha kwamba Saleh Omar anathamini kumbukumbu kuliko mahitaji ya mwili. Aidha, unamfungamanisha na Hussein, chanzo cha uhasama wake na familia ya Rajab Shaaban. Unapotwaliwa na afisa aliyezaliwa na wakimbizi, kinaya hicho kinamulika ukatili wa mipaka." Jibu la pili lina sifa ya mhusika, uhusiano wa wahusika, mbinu na dhamira. Limetoka kwenye kitu kilekile kimoja.

Hata hivyo, si kila anayehama hufunga virago. Ngugi wa Thiong'o aliondoka Kenya mwaka wa 1982 kwenda London kutangaza kitabu chake, akapata habari kwamba angekamatwa akirejea. Hakurudi nyumbani hadi mwaka wa 2004. Alifunga begi la safari fupi, likawa begi la miaka 22. Katika Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei, riwaya iliyowahi kutahiniwa katika KCSE na inayohusu wakimbizi wa ndani, Ridhaa anabaki na majivu ya nyumba iliyoteketea pamoja na jamaa zake. Hana cha kubeba. Mtahiniwa, usiipite mikono mitupu kana kwamba haina la kusema. Mtunzi akimnyima mhusika mzigo, uliza kwa nini amemnyima.

Nimalizie na neno kwa mwalimu. Kambi za Dadaab na Kakuma zina shule za upili ambazo wanafunzi wake hufanya mtihani wa KCSE. Nje ya kambi pia, huenda darasani mwako mna mtoto ambaye wazazi wake walitoka mbio mwaka wa 2007 au 2008 na godoro moja tu kichwani. Swali nililoanza nalo ni mchezo kwa baadhi ya wanafunzi, na kwa wengine ni kidonda. Kwa hivyo usimlazimishe yeyote asimulie yake. Muulize kuhusu mhusika, umwache achague mwenyewe kama ataongeza neno. Huenda akakuonyesha kwa nini sufuria ya wastani ilipewa nafasi mbele ya ile kubwa, jambo ambalo mimi na wewe tungelipita tukikimbilia kuandika "matumaini".